Kipele Kando ya Msalaba

Ragnoara hakuwahi kupiga sarafu hata moja maishani mwake, lakini kila sarafu ya dhahabu iliyotoka mjini Vernao ilibeba mwandiko wake. Baba yake alikuwa karani wa mahakama huko Piktavi, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, elimu yake yote aliimimina kwa binti. Alipoolewa Vernao, kwenye mizabibu ya ukingo wa mto Vigena, alimkuta mume mwenye macho makali na mikono isiyotetemeka, ila herufi kwake zilikuwa kama nyayo za kuku. Basi Ragnoara ndiye aliyemwandikia jina lake juu ya nta, kinyumenyume, kuuzunguka msalaba, ili likichongwa katika chuma na kugongwa juu ya dhahabu lisomeke sawasawa: Wandeleno, mpiga sarafu.

Sarafu zenyewe zilikuwa ndogo, nyembamba, hazifikii ukucha wa kidole gumba. Zamani za mababu zilikuwa na jina la mfalme. Siku hizi mfalme alikuwa mbali, na kila mji wenye kanisa na gulio ulikuwa na mpiga sarafu wake, naye aliweka jina lake mwenyewe. Mtu aliyepewa kipande kile hakuuliza ni nani anayetawala. Alikigeuza upande wa msalaba akauliza ni nani aliyekipiga, na akiambiwa ni Wandeleno wa Vernao, alikitia mkobani bila maneno zaidi.

Ragnoara aliijua heshima hiyo na aliivaa kama watu wengine wanavyovaa joho. Hakwenda kisimani kupiga soga. Kanisani alisimama mbele. Binti yake Audila alipotaka kucheka na watoto wa watengeneza mapipa, aliitwa ndani. Wanawake wa mtaani walisema mke wa Wandeleno anakanyaga ardhi kana kwamba anaionea huruma, naye alipoyasikia maneno hayo hakuyakanusha. Aliona kwamba nyumba inayoweka jina lake juu ya dhahabu ya watu haina budi kuwa safi kila upande, kuanzia mizani mpaka kizingiti.

Mwaka ule, mwanzoni mwa Kwaresima, Wandeleno aliugua kifua. Alianza kwa kukohoa, kisha akatema damu, kisha akashindwa kunyanyua nyundo. Kazi aliichukua mdogo wake Leudomari, mtu mcheshi, mpenda mvinyo, ambaye farasi wake wawili walikuwa wamepotelea kwenye mchezo wa dadu. Alipiga sarafu kwa chapa ya kaka yake na kwa jina la kaka yake, kwa kuwa kaka alikuwa bado hai na karakana ilikuwa yake. Hakuna aliyeona ubaya.

Siku moja chuma cha chapa kilimponyoka Leudomari kikagonga sakafu ya mawe. Wandeleno aliusikia mlio ule kitandani.

"Kimeumia?" aliuliza.

"Kimebonyea kidogo tu, kando ya msalaba," Leudomari alijibu kutoka karakana. "Si kitu, kaka."

"Kitupe. Chonga kingine."

"Kaka, unakohoa mapafu yako nje na bado unagombana na chuma! Lala. Kitatosha."

Tangu siku hiyo kila sarafu iliyotoka Vernao ilikuwa na kipele kidogo kando ya msalaba, pale ambapo dhahabu iliingia katika ule mbonyeo. Ragnoara alikiona, akachukia, akakusudia kuandika nta mpya mgonjwa akipata nafuu. Mgonjwa hakupata nafuu.

Kabla ya kukata roho Wandeleno alimwita mkewe. Kwao maiti hazizikwi mikono mitupu; wengine huwekewa kisu, wengine kichana, na mwenye uwezo huwekewa sarafu katika kiganja cha kulia.

"Niwekee yangu," alisema. "Nikiulizwa huko nilifanya kazi gani duniani, sitakuwa na maneno mengi. Nitafungua mkono tu."

Ragnoara alimwosha, akamvika, akaenda karakana kumchagulia sarafu. Za zamani zilikuwa zimechakaa kwa kupita mikononi mwa watu. Akachagua mpya kutoka bakuli la Leudomari, iliyokuwa inameta vizuri, akaibusu kwa ajili ya kumuaga mumewe. Kipele kilimgusa mdomoni. Hakukijali. Aliiweka katika kiganja kile kilichokuwa kimeanza kupoa, akavikunja vidole kimoja kimoja, na udongo ukafunika.

*

Zabibu zilikuwa zimekwisha kuvunwa alipokuja Genesia, mjane aliyekuwa akilima upande wa pili wa mto. Hakubisha hodi kwa adabu aliyoizoea Ragnoara. Aliingia na matope yake mpaka mezani.

"Mama Audila, sikuja kugombana."

"Anayesema hivyo huwa amekuja kugombana. Kaa."

"Sikai." Genesia alitoa sarafu kwenye kitambaa, akaiweka juu ya meza. "Unazikumbuka hereni za dhahabu za marehemu mama yangu? Nilizileta hapa mwenyewe wakati wa maua ya mizabibu. Shemeji yako akaziyeyusha mbele ya macho yangu, akanipa hii. Nikaiweka mpaka mwanangu apate mchumba. Juzi tumekwenda kuposa. Tukatoa sarafu kama ilivyo desturi, baba wa binti akaichukua, akaisugua kwenye jiwe lake la kupimia dhahabu."

"Na kisha?"

"Akacheka! Akasema, 'Dhahabu gani hii, imenyweshwa maziwa?' Mbele ya wajomba zake wote. Akasema mtu anayeleta posa ya uongo ataleta na mume wa uongo. Mwanangu tangu juzi hatoki kwenye zizi la nguruwe." Sauti yake ikakatika. "Ningepewa na mtu mwingine ningesema nimeibiwa. Lakini imeandikwa Wandeleno. Nimsemeje Wandeleno, mtu aliyekufa akakuacha mjane kama mimi?"

Ragnoara alichukua jiwe jeusi la mumewe, akasugua sarafu kwa wepesi, kisha kando yake akasugua sarafu moja aliyoitoa kwenye mkufu wa shingoni mwake. Mkufu ule ulikuwa wa sarafu za Wandeleno tupu, zilizotobolewa na kutungwa pamoja. Kila mwaka mwema alikuwa amemwongezea moja. Mstari wa sarafu ya mkufu ulikuwa wa njano iliyoiva, kama kiini cha yai. Mstari wa sarafu ya Genesia ulikuwa mweupe mweupe, kama nyasi zilizokaa juani. Ilikuwa fedha iliyotiwa dhahabu, wala si kinyume chake.

Akaigeuza. Kando ya msalaba palikuwa na kipele.

Hapo ndipo mdomo wake ulipokumbuka kabla ya akili. Alihisi tena ule ubaridi, na ile chembe ndogo iliyomgusa siku ya kumuaga mumewe. Akashika ukingo wa meza.

"Mama Audila? Unaumwa?"

"Niachie hii," Ragnoara alisema. "Nenda nyumbani. Mwambie mwanao atoke zizini."

*

Leudomari alikuwa ameketi karakana akila mkate wa shayiri na jibini, miguu juu ya gogo la fuawe.

"Shemeji! Karibu. Leo umeshuka kwa watu wa kawaida?"

Ragnoara alimwekea sarafu mbele yake. "Hii nini?"

Aliitazama, akaendelea kutafuna. "Sarafu."

"Leudomari, mimi si mteja wako."

Akaacha kutafuna. Akashusha miguu. "Sikiliza, shemeji yangu. Dhahabu imekwisha. Zamani wafanyabiashara walikuja nayo kutoka kusini, siku hizi wanakuja na maneno. Wote wanachanganya. Piktavi wanachanganya, Turoni wanachanganya. Wewe ulidhani hiyo nyama unayokula inatoka wapi?"

"Genesia hakukuletea maneno. Alikuletea hereni za mama yake."

Leudomari alikwaruza shavu.

"Kama wote wanachanganya, weka jina lako," Ragnoara aliendelea. "Watu wakiona Leudomari watajua wanapokea nini."

"Jina langu!" Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Nani atalipokea jina langu? Hata mbwa wa hapa wananijua kwa dadu. Kwa jina la kaka, mtu hasugui hata kwenye jiwe. Jina lile ndilo dhahabu yenyewe, shemeji."

"Na mwenyewe nimemzika nalo." Sauti yake ilishuka. "Ile niliyomwekea mkononi nilitoa kwenye bakuli lako. Alitaka afungue mkono mbele ya Mungu aonyeshe kazi yake. Atafungua aonyeshe yako."

Leudomari alipauka. Akafuta mikono yake kwenye aproni, mara mbili, kama mtu aliyeshika kitu kichafu. Kisha akasema jambo ambalo ingekuwa heri asingelisema.

"Kaka alijua."

"Uongo."

"Nilimwambia akiwa kitandani. Nikamwambia, kaka, dhahabu haitoshi, nifanyeje? Akafumba macho. Hakusema ndiyo, hakusema hapana."

"Alifumba macho kwa maumivu!"

"Labda," alisema Leudomari polepole. "Labda. Mimi nililichukua lile lililonifaa."

Ragnoara alinyoosha mkono. Shemeji yake akakifungua kile chuma cha chapa kutoka kitambaa chake cha mafuta, akampa. Kilikuwa kizito kuliko alivyotazamia. Herufi zake mwenyewe zilikuwa pale, kinyumenyume, jinsi alivyoziandika akiwa bibi harusi.

Alikwenda kwa padri. Padri wa Vernao alikuwa mzee mpole aliyependa mambo yapite kimya, na alimsikiliza mpaka mwisho huku akimenya kitunguu kwa ajili ya supu yake.

"Kizike hicho chuma bustanini, mwanangu," alimshauri. "Mpe Genesia sarafu nyingine, nzuri. Mwambie Leudomari aache. Nani mwingine atajua? Ukilitoa jambo hili nje utamchafua mtu ambaye hawezi tena kujitetea. Wewe, kati ya watu wote! Wewe ambaye hukubali hata upepo upige mlango wako."

Maneno hayo yalimwingia, maana ndiyo yaliyokuwa ndani mwake tayari. Siku kadhaa alikiweka chuma kile chini ya mto wake wa kulalia. Alijiambia kwamba kunyamaza ni kumstahi marehemu. Angebaki mwenye heshima, Audila angeolewa katika nyumba nzuri, watu wangeendelea kuinamisha vichwa. Lakini kila mara alipofika hapo aliona zile sarafu zenye vipele zikitoka mkobani mwa huyu kwenda kwa yule, zikivuka mto, zikiingia kwenye posa na kwenye mahari na kwenye viganja vya maiti. Kila aliyedanganywa angesoma jina moja. Leudomari alikuwa amelitumia jina la mumewe kudanganya kwa kupiga nyundo. Yeye angelitumia kwa kufunga mdomo.

*

Siku ya sikukuu ya Mtakatifu Martini watu wa mashambani wote huja Vernao kuonja mvinyo mpya. Misa ilipokwisha walimkuta Ragnoara amesimama nje ya mlango wa kanisa, mbele ya gogo la fuawe alilowabebesha watumishi. Juu ya gogo palikuwa na chapa, nyundo na tindo. Audila alisimama nyuma yake, uso umemwiva kwa aibu.

"Mama, tafadhali," alinong'ona. "Twende nyumbani."

"Simama wima."

Hakupaza sauti, lakini hakuna aliyeshindwa kumsikia. Alisema kwamba tangu Kwaresima sarafu za Vernao zilichanganywa fedha. Alisema zinajulikana kwa kipele kando ya msalaba. Alisema aliyezipiga hakuwa Wandeleno, lakini jina ni la Wandeleno, chapa ni ya nyumba yake, na herufi ni zake yeye. Hivyo yeyote aliyenayo airudishe kwake.

Mtengeneza mapipa mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe na wakubwa huteleza!"

"Tena chali," mwingine akadakia, na baadhi wakacheka.

Ragnoara alisikia kila neno. Damu ilimpanda masikioni. Alichukua tindo, akaliweka juu ya jina, akanyanyua nyundo akagonga. Tindo likateleza, likamchana kidole. Akagonga tena, na tena likateleza, maana mikono iliyozoea kalamu ya nta haikuzoea chuma.

"Jamani, atajikata mkono huyu," mwanamke mmoja alisema.

Watu wakapisha. Leudomari alikuwa anakuja kutoka upande wa ghala la mvinyo, kichwa wazi, hatazami mtu.

"Lete," alisema kwa upole. "Utajiumiza, shemeji."

"Ni jina la kaka yako."

"Najua ni la nani."

Aliligonga mara moja, kwa pigo la mtu wa kazi, na mpasuko ukapita katikati ya jina toka ukingo hadi ukingo. Kisha aliiweka nyundo chini kwa uangalifu, kana kwamba mtu alikuwa amelala karibu, akaenda kusimama ukutani peke yake.

Ragnoara alivua mkufu wake. Alikata uzi, akazimimina sarafu zake zote juu ya gogo. Moja tu aliificha kiganjani. Watu wakaanza kuja. Aliyeleta sarafu ya kipele alipewa nzuri, yenye tundu lakini safi, na mbaya iliingia katika chungu. Wengine walipokea bila kumtazama usoni. Mwindaji mmoja kutoka msituni alijaribu bahati yake.

"Hii nayo mama, naona kama ina kipele."

Aliigeuza. "Hii ina jina la mtu wa Piktavi, baba. Panda farasi, kamlilie huko."

Safari hii watu walicheka pamoja naye, si juu yake, naye alitofautisha vicheko hivyo viwili kama alivyotofautisha mistari juu ya jiwe.

Gogo lilipobaki tupu aliona Genesia amesimama mbali, pembeni mwa lango. Hakuwa amesogea. Sarafu yake ilikuwa tangu siku ile mikononi mwa Ragnoara, na hakuwa na kitu cha kubadilisha. Labda aliona haya kudai mbele ya watu.

Ile iliyokuwa kiganjani ilikuwa sarafu ya kwanza kabisa. Wandeleno aliipiga wiki ya harusi yao, kwa herufi mpya zilizonukia bado nta, akamvika shingoni. Ragnoara alikuwa ameiweka kwa ajili ya kiganja chake mwenyewe. Alikwisha kumwambia Audila zamani: hii ndiyo nitakayokwenda nayo.

Alitembea mpaka langoni.

"Nyoosha mkono," alimwambia Genesia.

"Mama Audila, hiyo siyo… hiyo ni yako ya shingoni."

"Mkono."

Alimwekea, akamkunja vidole kimoja kimoja, kama alivyowahi kuvikunja vidole vingine. "Kamwambie yule bwana aisugue mpaka jiwe lake liishe."

Jumapili iliyofuata baba wa binti aliisugua mara moja tu, akaomba mvinyo uletwe.

*

Ragnoara aliishi miaka mingi baada ya hapo, bila mkufu. Leudomari alichonga chapa mpya, na Ragnoara ndiye aliyemwandikia nta, kinyumenyume, jina Leudomari. Dhahabu ya sarafu zile ilikuwa hafifu, na kila aliyezipokea alijua ni hafifu, akazipima kwa thamani yake, na hakuna posa iliyorudishwa kwa sababu yake. Audila hakuolewa katika nyumba kubwa. Aliolewa na mtoto wa mtengeneza mapipa, yule yule ambaye Audila alikuwa akiitwa ndani asicheke naye, na mama yake alikwenda harusini akakaa mbele.

Kile chuma kilichopasuliwa alikiweka dirishani, ambapo kila mpita njia angeweza kukiona. Kuhusu macho yale yaliyofumbwa kitandani hakumwuliza Leudomari tena, wala hakujiruhusu kuamua.

Alipoanza kuishiwa nguvu, Audila alimjia na sarafu. Ilikuwa nzuri, ya mji mwingine, mumewe alikuwa amehangaika kuitafuta.

"Ya mkononi, mama. Usiende mtupu."

Ragnoara aliigeuza upande wa msalaba kwa mazoea, akasoma jina, akamrudishia.

"Mrudishie mumeo, itamfaa. Mimi mkono uacheni wazi."

"Watu watasema tumekunyima."

"Waache waseme. Baba yako amenitangulia ameshika ile ya kipele, na sijui amekwisha kufungua mkono au bado anaona haya. Nikifika nitamsemea. Kwa hiyo nitahitaji mkono wa kumshikia."

Walimzika kando ya mumewe, upande wa mkono wake wa kulia wenye sarafu, na kiganja chake cha kushoto, kilicho karibu naye, kikiwa wazi.